Homa Niliyorudi Nayo Kutoka Harusini

Kama unaishi Johannesburg na kwenu ni Busia, Kigoma, Uvira au Cibitoke, na umerudi juzijuzi kutoka kuwasalimia watu wako, kisha mwili ukaanza kukuuma, tafadhali acha kusoma. Nenda hospitali kwanza. Haya utayasoma ukiwa kwenye foleni, na foleni za huku unazijua, muda hutaukosa.

Mimi naitwa Nekesa. Ni mkutubi katika chuo kikuu kimoja pale Braamfontein. Kazi yangu ni kuvipokea vitabu vipya na kuvipa namba kabla havijapanda rafuni. Mume wangu, Deo, ni Mrundi, fundi cherehani, ana duka lake la kushona Joubert Park, chini ya jengo lilelile tunalokaa. Tuna mtoto mmoja, Imani, msichana wa miaka kumi na mitano, aliyezaliwa hapahapa. Sisi wazazi tunaongea Kiswahili nyumbani, mimi changu cha Kenya, Deo chake cha Bujumbura chenye Kifaransa ndani. Imani anakielewa chote, lakini akijibu anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika, kwa Kizulu.

Mwaka jana, shule za huku zilipokaribia kufunga kwa likizo ya baridi ya katikati ya mwaka, kaka yangu Barasa alitupigia simu kwamba binti yake anaolewa. Deo alikuwa na kazi ya majoho ya kwaya ambayo haingeweza kungoja, basi tukaamua niende na Imani. Nilimpeleka kliniki ya wasafiri, akapewa vidonge vya kuzuia malaria. Muuguzi akanitazama na mimi.

"Na wewe, mama?"

Nikacheka. "Mimi ni mtu wa huko, dada."

Sikusema hivyo kwa kiburi. Ndivyo nilivyoamini, na najua wengi wetu tunaamini vivyo hivyo. Utotoni tuliugua malaria jinsi watoto wa huku wanavyougua mafua: unatetemeka, unatapika, unameza dawa chungu, baada ya siku chache uko mtoni na wenzako. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mwili husahau. Baada ya miaka kumi na sita ya kuishi mahali pasipo na malaria, damu yangu ilikuwa ngeni Busia sawa na ya mwanangu. Hilo ndilo jambo moja la kidaktari nitakalolieleza hapa. Mengine waachie wenyewe.

Harusi ilikuwa nzuri. Mvua ilinyesha kila alasiri na kukatika kabla ya jua kuzama, na jioni sisi wanawake tulikaa nyuma ya jiko tukichambua mchele, tukiimba, tukimsema bwana harusi. Imani alikaa nasi amevaa mikono mirefu na soksi, amejipaka mafuta ya mbu mpaka ananuka ndimu. Binamu zake wakamwita Mzungu. Mimi nilikuwa nimevaa leso na blauzi isiyo na mikono, nimenyoosha miguu mkekani, nina furaha kama msichana. Mbu walipokuja niliwapiga kwa kiganja na kuendelea kuimba.

Tulirudi Johannesburg kukiwa na baridi ile kavu inayopasua midomo. Kwa wiki moja na kidogo sikuhisi lolote. Kisha siku moja kazini mgongo ukaanza kuniuma, nikadhani ni kukaa sana. Kichwa kikafuata. Jioni nikasikia baridi ambayo hita haikuiweza, nikavaa koti la Deo juu ya koti langu. Maktaba nzima wakati huo ilikuwa inakohoa. Wenzangu wawili walikuwa kitandani. Nilikwenda kwa daktari wa karibu na kazini, akanigusa koo, akanisikiliza kifua, akasema ni mafua yanayozunguka mji. Hakuniuliza nilikotoka, nami sikumwambia. Watu thelathini walikuwa wamekaa nje wakimngoja, wote wana mafua kweli. Simlaumu.

Kitu kimoja tu hakikulingana: mimi sikuwa nikikohoa.

Homa ilikuwa ikija na kuondoka. Ikiondoka nilijisikia nimepona, naoga, napika, nawaambia mnaona? Ikirudi, meno yanagongana mpaka nashindwa kushika kikombe. Deo aliniangalia namna hiyo kwa siku kadhaa, kisha akaacha kushona, akapanda juu mchana, jambo ambalo hafanyi kamwe.

"Mama Imani, hii ni malaria."

"Malaria naijua, Deo. Nimekua nayo. Si hivi."

"Miye nimeishi kambi ya wakimbizi. Nimeona watu wakubwa wanabebwa. Tugende hospitali. Sasa hivi."

"Daktari amesema mafua."

"Daktari hakukuona jana!"

Tuligombana. Nilimwambia aache kunizika kabla sijafa, akashuka, nikasikia cherehani ikienda kwa kasi isiyokuwa ya kawaida. Kesho yake asubuhi nilikwenda chooni na mkojo ukatoka mweusi kama kahawa. Nilisimama nikiutazama, nikajaribu kumwita Deo, na nakumbuka niliona vigae vya sakafu vikinijia usoni.

Yaliyofuata mengine nayakumbuka, mengine nimesimuliwa.

Nakumbuka pikapu ya Deo ikipita robot nyekundu, taa za barabarani kama zinavyoitwa huku, naye akiomba msamaha kwa sauti kila anapoipita, kana kwamba robot zinasikia. Nakumbuka benchi refu la hospitali ya serikali, ukuta wa kijani, harufu ya dawa ya kufanyia usafi. Mlinzi alimwambia Deo aondoe gari mlangoni pa magari ya wagonjwa, basi akatuacha mimi na Imani akaenda kutafuta pa kuegesha. Mbele yetu kulikuwa na watu wengi: mwenye mkono uliovunjika, mama na mtoto anayelia, vijana wawili wenye damu mashatini. Imani alikuwa ameshachukua namba. Kila aliyepita na nguo nyeupe alimwambia, "Mama yangu anaumwa sana," na kila mmoja alimjibu kwa upole asubiri.

Pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kizulu, mnene, amevaa kofia ya sufu, na magotini ana blanketi. Miguu yake ilikuwa imevimba; alikuwa amefika kabla hatujafika. Alinitazama, akalivuta lile blanketi magotini kwake, akanifunika mimi, na kichwa changu akakilaza begani mwake. Alinuka Vaseline na moshi wa makaa. Kwa siku zote zile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuhisi joto.

Imani anasema bibi huyo alinifungua jicho kwa kidole gumba, akaliona lilivyo manjano, akaanza kupiga kelele. Aliinuka kwa miguu yake mibaya, akaenda mpaka kwenye kidirisha, akagonga kioo kwa pete. Aliwaambia kwa Kizulu kwamba yeye atasubiri, wote hapa watasubiri, lakini huyu mtoto anawafia mikononi. Mtoto ni mimi, mwenye miaka arobaini na mitatu. Mwenye mkono uliovunjika akaunga mkono, kisha wale vijana wenye damu. Benchi zima likawa linapiga kelele kwa ajili yangu. Muuguzi akatoka, akanitazama macho, akaita kiti cha magurudumu.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, macho yamechoka, nywele amezifunga kwa kalamu. Alinitazama kidogo tu, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo namwombea baraka kwa ajili yake: "Umesafiri? Umetoka wapi?"

Nilimjibu. Kichwani mwangu nilijibu vizuri kabisa. Kumbe Kiingereza kilikuwa kimeniruka chote. Nilikuwa nikisema kwa Kiswahili, tena na tena, "Nimetoka harusini. Mwambieni Barasa mchele bado una mawe." Daktari akamgeukia Imani.

"Anasema nini?"

Imani akamwambia ninachosema, hadi habari ya mawe. Akamwambia tulikuwa Kenya, karibu na ziwa, kwenye mbu wengi. Akafungua mkoba wake wa shule na kutoa pakiti yake ya vidonge, ambavyo alikuwa bado anameza kama alivyoagizwa.

"Mimi nilikunywa. Yeye hakunywa."

Daktari hakusubiri neno jingine. Alinichoma kidole mwenyewe, akaweka tone kwenye kipimo, akasimama palepale akikitazama. Deo alifika akihema, funguo za gari mkononi, akakuta daktari ameshainua kichwa. Ilikuwa malaria, ile kali, na ilikuwa imefika mbali. Imani naye akapimwa papo hapo. Deo anasema kule kungoja jibu la mtoto kulimzeesha kuliko vita. Imani hakuwa nayo.

Mimi nikapelekwa chumba cha wagonjwa mahututi.

Wanaoniuliza kulikuwaje huko huwa nawaambia ukweli: sijui vizuri. Dawa iliingia kwa mshipa. Nilikuwa na mirija shingoni, mikononi, na mwingine wa mkojo ambao haukutoa mkojo. Figo zangu zilikuwa zimesimama. Waliniunganisha na mashine ya kusafisha damu, kubwa kama friji, iliyokuwa ikinguruma kando yangu, nami katika kupayuka kwangu nilidhani ni posho mill ya Busia na nikawa nawauliza wauguzi unga wangu uko wapi. Nilivimba mpaka pete ya ndoa ikabidi ikatwe. Uso wangu, anasema Deo, ulikuwa manjano na wa mviringo kama wa mtu mwingine. Alikuwa anaingia, anatazama mikono yangu ili ajue ni mimi, ndipo anakaa.

Wakati huo mimi nimelala, huku nje familia yangu ilikuwa inapasuka.

Barasa alikuwa akipiga simu kila saa. Alikuwa na uchungu. Harusi ilikuwa ya kwake, na dada yake alikuwa anakufa kwa sababu alikuja kuisherehekea. Uchungu huo aliutua kwa Deo. Akasema wazungu wa Johannesburg hawaijui malaria, watu hufia huko kwa kutibiwa mafua. Nirudishwe nyumbani, hospitali ya misheni itanitibu kwa siku tatu. Akasema kama Deo hawezi kunipandisha ndege, yeye atakuja kunichukua, na nikifa huko, Deo asikanyage kwao. Deo, ambaye alikuwa amefunga duka na analala kwenye kiti, alimwacha aseme. Alishikilia simu mbali na sikio tu, sauti ya shemeji yake ikijaa ukumbi wa hospitali.

Imani akamnyang'anya simu.

"Mjomba," akasema, kwa Kiswahili, "mimi naongea. Baba hajafanya kitu mbaya. Mama hawezi panda ndege. Figo yake imelala. Hapa wanajua malaria, mimi nimeona kwa macho. Wewe unapiga kelele, na sisi tunaogopa. Usipige kelele. Omba tu."

Barasa akauliza, "Nani huyo?"

"Imani."

"Imani gani anaongea Kiswahili?"

"Mimi. Hakuna Imani mwingine."

Deo anasema alimsikia kaka yangu akilia, mwanamume mzima, na yeye pia akalia, wakawa wanalia wote wawili kwenye simu moja, na mtoto amesimama katikati akiishika. Tangu siku hiyo Barasa alipiga mara moja tu kwa siku, jioni, akaongea na Imani, naye Imani akawa mtangazaji wa habari zangu kwa ukoo mzima. Makosa ya Kiswahili aliyokuwa akifanya yanachekwa Busia mpaka leo, kwa upendo. Aliwahi kuwatangazia kwamba mama "amekuwa chini ya kitanda" badala ya kusema nimelala kitandani, na shangazi yangu mmoja akaanza kupiga mayowe.

Siku niliyoanza kurudi naikumbuka. Niliamka nikaona mwanga kwenye pazia na mtu mwenye nguo za bluu ameinama pembeni mwa kitanda, anatazama mfuko wa mkojo. Alikuwa muuguzi wa Soweto, mcheshi, ambaye alikuwa amenizoea kuliko nilivyomzoea. Akainuka na kupiga makofi.

"Yoh! Dada, tazama! Umekojoa!"

Akaita mwenzake. Mwenzake akaja akatazama. Wakaita daktari. Watu watatu waliosoma walisimama wakifurahia mkojo wangu, wa rangi mbaya, kidogo tu chini ya mfuko, na mmoja wao akacheza ngoma fupi. Nilijaribu kucheka, midomo ikapasuka. Nimeshawahi kupongezwa kwa vyeti na kwa kujifungua, lakini sijawahi kupongezwa vile. Mashine iliendelea kwa muda baada ya hapo, siku hii inakuja, siku ile haiji, mpaka asubuhi moja wakaisukuma nje na pahali pake pakabaki sakafu tupu inayong'aa.

Nilipohamishiwa wadi ya kawaida ndipo nilipouona mwili wangu. Miguu ilikuwa imekwisha. Nilipojaribu kusimama, magoti yalitetemeka kama ya ndama, na muuguzi alinishika kiunoni tukatembea hadi dirishani na kurudi, tukapumzika, tukarudia. Mwanamke wa kitanda cha pili, aliyekuwa na ugonjwa wa moyo, alinihesabia hatua kwa Kisotho kama anamfundisha mtoto. Wanawake wa ushirika wetu wa Kikenya walileta uji wa wimbi kwenye chupa ya chai. Mmoja alikuwa ameacha kikao cha benki, viatu virefu mkononi, amevaa ndala. Uji ule ulikuwa kitu cha kwanza kuwa na ladha. Niliunywa nikilia, nao wakageuza nyuso kidogo, wakaongea habari za mvua ambayo haikuwepo.

Nilirudi nyumbani upepo wa mwezi wa nane ukivuma, ule unaoleta vumbi jekundu la machimbo hadi ndani ya vikombe. Nilidhani ndiyo mwisho. Hapa ndipo ningependa anayeugua anisikilize, kwa sababu hakuna aliyenisimulia mapema nikaelewa: kutoka hospitali si kupona. Kila wiki nilitakiwa kurudi kupimwa damu. Niliona ni usumbufu, nikataka kuruka moja, Deo akanibeba. Siku hiyo ndiyo walikuta damu imeshuka tena, si kwa sababu malaria imerudi, bali ni jambo ambalo huwatokea baadhi ya watu baada ya dawa ile. Nilikuwa nimeanza kuona manjano machoni nikadhani ni mwanga wa bafuni.

Nililazwa tena. Safari hii nilikuwa na akili zangu zote, kwa hiyo niliogopa kuliko mwanzo. Ukiwa umepayuka, hofu ni ya wengine. Ukiwa mzima wa akili, ni yako. Walining'inizia mfuko wa damu, nikautazama ukishuka tone kwa tone. Deo alikuwa kwenye kiti, anashona kifungo cha shati lake kwa mkono ili asinitazame.

"Deo, hii damu ni ya nani?"

"Sijui. Ya mtu."

"Yuko wapi?"

Akafikiri. "Labda yuko kazini. Labda anakula. Hajui kama wewe uko hapa."

Nilikaa na hilo jibu. Mahali fulani katika mji huu, ambao mara nyingi hutuambia sisi wageni turudi tulikotoka, kulikuwa na mtu aliyenyoosha mkono wake bila kuuliza damu yake itaingia kwa nani. Labda ni yule anayenisukuma kwenye foleni ya duka. Labda ni mwanafunzi anayenirudishia vitabu akiwa amechelewa. Tangu siku ile siwezi kumkasirikia mtu barabarani kwa muda mrefu.

Baada ya hapo nilipanda polepole. Mwezi wa tisa niliweza kushuka ngazi hadi dukani kwa Deo na kukaa kwenye kiti cha wateja. Mwezi wa kumi nywele zilianza kutoka kwa vishungi, kwenye mto, kwenye sinki, mkononi mwa Imani alipojaribu kunisuka. Nililia kwa ajili ya nywele kuliko nilivyolilia figo. Daktari akasema zitarudi, ni mwili unalipiza mshtuko wake. Deo alikusanya vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye kazi za wateja akanishonea vilemba, kila kimoja na pindo lake, akavitundika mlangoni kama nguo za maonyesho. Wateja wakaanza kuviulizia. Akawaambia haviuzwi, ni vya Mama Imani.

Nilirudi kazini mikaratusi ikiwa imelowa mvua za kwanza na barabara zina zambarau ya maua ya jakaranda. Nilisahau namba nilizokuwa nazo kichwani kwa miaka. Nilikaa chini kati ya rafu nikapumzika, na wenzangu wakapita wakajifanya wanatafuta vitabu palepale ili nisiwe peke yangu. Nilimtafuta yule bibi wa blanketi. Nilikwenda mara mbili siku za kliniki ya miguu na shinikizo la damu, nikiwa na blanketi jipya, nikauliza. Mabibi wenye kofia za sufu walikuwa wengi, na kila niliyemuuliza alitamani awe yeye. Mwishowe nikampa blanketi bibi aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye baridi. Akalipokea kwa mikono miwili bila kushangaa.

Nilianza kuandika haya kwa sababu ya watu wa ghorofa ya chini yetu. Ni familia ya Kikongo. Mume, Papa Olivier, anauza simu na chaja karibu na stesheni. Mwaka huu, mvua zikielekea kwisha, alikwenda Uvira kumwona mama yake. Aliporudi, jioni moja mapema mkewe akaja kugonga kwetu kuomba ndimu.

"Ndimu ya nini?"

"Ya Papa Olivier. Iko na grippe, mafua tu. Anatetemeka sana, lakini anasema ni baridi ya huku tu, atazoeya."

Sufuria ilikuwa motoni. Nilizima moto. Nilishuka na kanga yangu ya jikoni, nikamkuta mtu huyo mkubwa kwenye kochi amefunikwa mablanketi mawili, anatazama mpira. Nikamwambia ainuke. Akasema mechi ikiisha. Nikazima televisheni.

"Mama Imani, mimi ni mtu wa Uvira. Malaria ni kaka yangu."

"Basi twende umsalimie," nikamwambia. "Inuka."

Deo alileta pikapu. Kwenye kidirisha cha hospitali sikungoja kuulizwa. Nilisema kwa Kiingereza, na kwa sauti ambayo watu wote waligeuka: "Huyu mtu ametoka nchi yenye malaria wiki iliyopita, ana homa, tafadhali mpimeni malaria sasa hivi." Muuguzi aliniangalia, akaandika, akamwita. Kipimo kilionyesha anayo. Lakini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mkojo wake ulikuwa mkojo, macho yake yalikuwa meupe, na kazi yake kubwa usiku huo ilikuwa kulalamika.

Kabla wiki haijaisha nilisikia mlango ukigongwa kwa nguvu. Nilifungua. Alikuwa Papa Olivier, amesimama kwa miguu yake mwenyewe, amekonda kidogo tu, shati limepigwa pasi.

"Mama, nimekuja kushtaki," akasema. "Chakula ya hospitali haina chumvi hata kidogo. Na mechi, mpaka leo hakuna mtu ananiambia ilikwisha ngapi."

"Mlipigwa," Deo akasema kutoka ndani.

Papa Olivier akashika kichwa kwa mikono miwili, akaingia, akavuta kiti bila kukaribishwa, akaomba ugali. Nikabandika maji.